Kioo Hakijibu

Nimechoka kuambiwa nisimame mbele ya kioo.

Kila mahali ni kioo tu. Fungua TikTok, utapata jamaa wa suti ya bluu akikwambia uamke saa kumi na moja alfajiri, ujitazame machoni na useme mara kumi: mimi ni jasiri, mimi ni msemaji hodari, sauti yangu ina nguvu. Nenda kwenye ibada ya vijana Jumapili, utasikia yale yale yakiwa yameongezewa mstari wa Biblia. Lipia mafunzo ya siku moja kwenye ukumbi wa hoteli hapa Nairobi, upewe kalamu, chupa ya maji na samosa mbili, kisha mkufunzi akuuzie kile ulichokisikia bure kwenye simu. Woga wako, anasema, uko kichwani mwako tu. Badilisha maneno unayojiambia, sauti itatoka yenyewe.

Mimi nasema hapana. Woga wangu wa kuongea mbele za watu haukuota kichwani mwangu kama uyoga. Ulipandwa, na waliopanda walikuwa wengi. Kitu ulichopandiwa na watu huking'oi kwa kujifungia bafuni ukijisemesha.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba kujiambia maneno mema ni ujinga. Ninakotoka, Suna, kujisifu ni sanaa yenye jina lake na utaratibu wake, na nitafika huko. Ninachokipinga ni huu mtindo wa kumwambia kijana anayetetemeka mbele ya maikrofoni kwamba tatizo ni fikra zake, halafu sisi tuliomcheka tangu darasa la kwanza tunaenda zetu, mikono misafi.

Biashara yenyewe si ngeni. Miaka mia moja na ushee iliyopita kulikuwa na mfamasia Mfaransa aitwaye Émile Coué, wa mji wa Nancy. Aliwafundisha wagonjwa wake sentensi moja fupi ya kujihakikishia kwamba wanazidi kupata nafuu siku hadi siku. Waliambiwa wairudie mara 20 wakati wa kulala na mara 20 wakiamka, na ili wasipoteze hesabu, wachukue kamba yenye mafundo 20 na kuipitisha vidoleni, kama mtu anayesali rozari. Coué alifariki mwaka 1926. Kamba yake bado iko, sema siku hizi inaitwa programu na inakukumbusha kwa mlio wa simu.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambao ningependa ubandikwe kwenye mlango wa kila ukumbi wa mafunzo. Waliwaweka wanafunzi waandike mawazo yao kwa dakika nne, na wengine wakaambiwa kila wakisikia kengele wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo zaidi. Lakini wale waliokuwa hawajithamini, yaani haswa wale ambao dawa hii inatengenezewa, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakujiambia lolote.

Haihitaji shahada kuelewa kwa nini. Mwambie aliyeshiba kwamba ameshiba, atatabasamu. Mwambie mwenye njaa kwamba ameshiba, tumbo litamjibu. Ukijiambia "mimi ni msemaji hodari" na ndani yako kuna kumbukumbu ya darasa zima likikucheka, ile kumbukumbu haikai kimya. Inasimama na kutoa ushahidi. Kila ukirudia sentensi, shahidi naye anarudia yake. Kufikia mara ya kumi umejishtaki, umejitetea, na umeshindwa kesi, na hata chai hujanywa.

Sasa tuulize swali ambalo watu wa kioo hawaulizi. Huyo shahidi alitoka wapi?

Mimi nimezaliwa Suna, upande wa Kakrao, karibu kabisa na mji wa Migori. Lugha ya nyumbani ni Dholuo. Dholuo haina sauti ya "sh" na haina "z". Ina sauti zake tamu ambazo Mnairobi hawezi kuzitamka hata akilipwa, lakini hizo mbili haina. Kwa hiyo mtoto wa Suna anaenda "sule", akipata taabu ana "sida", na mambo yakimwendea vyema ni "nsuri sana". Kwa Kiingereza anakula "fis". Wakenya tuna neno la jambo hili, tunasema amesrab, ama kwa wenye bahati ya kuwa na hiyo sauti, ameshrab. Na tunacheka. Tunacheka darasani, tunacheka kwenye matatu, tunacheka kwenye vichekesho vya runinga ambapo ukitaka kumchora Mjaluo haraka haraka unamvalisha miwani na kumwondolea "sh".

Ati ni utani. Sawa, ni utani. Mimi mwenyewe ninautumia, na napenda kucheka. Lakini hebu mfuate yule mtoto. Siku ya kwanza anainua mkono, anajibu swali vizuri, jibu ni sahihi, na darasa linaangua kicheko kwa sababu ya herufi mbili. Mwalimu naye anatabasamu. Siku ya pili anainua mkono nusu. Siku ya tatu anaandika jibu pembeni mwa daftari na kungoja mwingine aliseme. Miaka 15 baadaye yuko kazini Upper Hill, ana wazo zuri kuliko la bosi, na analiandika pembeni mwa daftari. Halafu mtu anamwambia aende akaongee na kioo.

Kioo hakijawahi kumcheka. Kinahusikaje?

Halafu kuna diski. Waliosoma mashambani wanaijua, kila eneo na jina lake. Kwenye shule ya msingi niliyosoma mimi ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukipatikana unaongea Dholuo, unavishwa shingoni, na kazi yako inakuwa kumtega mwenzako aongee ili umvishe. Jioni anayepatikana nayo anachapwa, na anawataja wote waliopitia kamba hiyo. Yaani tulifundishwa kuwasikiliza marafiki zetu kama askari. Mpaka leo nikiwa kwenye mkutano na mtu akinyamaza ghafla akinitazama, shingo yangu inasikia ile kamba.

Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jambo hili kwenye kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Wakati wa ukoloni, mtoto aliyepatikana akiongea Gĩkũyũ aliweza kuvishwa kibati chenye maandishi ya kusema kwamba yeye ni mjinga, au kwamba yeye ni punda. Na hicho kibati hakikusema "huyu ni mjinga". Kilisema "mimi ni mjinga". Ni sentensi ya nafsi ya kwanza. Ni maneno ya mtu kujiambia, yamechongwa tayari, yamening'inizwa kifuani mwa mtoto wa miaka minane.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Shule ya kikoloni ilijua nguvu ya kujisemesha kabla jamaa wa suti ya bluu hajazaliwa. Ila yenyewe ilikuwa na akili. Haikumwambia mtoto aende nyuma ya nyumba akajinong'oneze kuwa ni mjinga. Ilimsimamisha mbele ya wenzake wakakisoma. Sentensi ile ilipenya kwa sababu ilikuwa na hadhira. Kama neno baya lilihitaji umati ili liingie, kwa nini tunategemea neno zuri liingie bafuni, mlango ukiwa umefungwa?

Na kuna ukimya mkubwa kuliko wangu. Angalia wadi za Suna Magharibi: Wiga, Wasweta II, Ragana-Oruba, Wasimbete. Wewe unayesoma Kiswahili, tazama mianzo ya mawili kati ya majina hayo. Wa-sweta. Wa-simbete. Hiyo "wa" unaijua, ni ile ile ya watu, wana, wazee. Iko katikati ya nchi ya Waluo kama kiti cha babu ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Watu wa Suna walikuwa na lugha ya Kibantu, jamaa ya Kisuba kinachosemwa Mfangano upande wa Homa Bay. Leo sisi ni Wajaluo kwa lugha na kwa mila, na sioni aibu yoyote, Dholuo ni lugha ya mama yangu na naipenda. Lakini nyumbani kwetu hakuna anayeweza kuniambia bibi wa bibi yangu alisemaje "njoo ule" kwa lugha yake.

Je, lugha ile ilikufa kwa sababu wazee wetu hawakujiamini? Walikosa maneno ya asubuhi ya kujitia moyo? Wacha mchezo. Lugha hunyamaza pale ambapo ukiisema hakuna anayekujibu kwayo. Unaoa kwa jirani, watoto wanaongea lugha ya mama. Unaenda sokoni, bei inatajwa kwa lugha nyingine. Unaenda kanisani, wimbo ni wa lugha nyingine. Mwishowe umebaki wewe na mzee mwenzako, na siku mzee mwenzako akizikwa, lugha yako inabaki kichwani mwako tu. Kichwani, pale pale watu wa kioo wanaposema kila kitu kinaanzia.

Kisuba chenyewe kimo kwenye atlasi ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Lakini pale Mfangano kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayotangaza kwa Kisuba. Sidhani kuna mtu aliyewaambia vijana wa kile kisiwa wajirudie mara 20 kwamba lugha yao ni nzuri. Waliwekewa maikrofoni, na upande wa pili kukawa na mtu anayesikiliza. Hiyo ndiyo tofauti.

Utasema, dada, hii ni historia, mimi nataka tu kupitisha usaili wa kazi. Nakuelewa. Lakini gharama ya kukaa kimya ni kubwa kuliko usaili, na sio wewe peke yako unayeilipa.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano mmoja wa hadhara wa kujadili bajeti, kaunti sitaitaja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 196, inataka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na kwa hivyo mikutano kama hii huwa inafanyika. Hati ilikuwa ya Kiingereza, nene kama daftari la mahudhurio, na tuligawiwa asubuhi hiyo hiyo. Mama mmoja alisimama. Viganja vyake vilikuwa vigumu, mtu wa kazi. Alianza kuuliza kuhusu kisima, kwa lugha yake. Aliyeongoza kikao akamkatiza kwa upole kabisa: mama, tafadhali, Kiswahili ama Kiingereza, tunarekodi. Mama akajaribu Kiswahili. Akasema "sida ya maji". Vijana wawili nyuma wakacheka. Akamalizia kwa neno moja, "basi", akaketi.

Kisima hakikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kabla ya sala ya kufunga, kiongozi yule yule akatuhimiza: wananchi, hasa kina mama na vijana, mjifunze kujiamini.

Niliposikia hivyo nilitaka kupasuka. Yule mama hakukosa kujiamini. Alisimama! Katika ukumbi wa watu mia, yeye ndiye aliyesimama bila kuitwa. Sisi tuliobaki na viatu vyetu vya ngozi na Kiingereza chetu tulikuwa tumekaa. Kilichokosekana pale ni mkalimani na adabu. Lakini mkalimani analipwa, na adabu inafundishwa, kumbe kumwambia mtu ajiamini ni bure. Ndiyo maana ushauri huu unapendwa sana na wakubwa. Unahamisha deni kutoka kwa anayepaswa kusikiliza, unalitua kwa anayejaribu kusema.

Sasa nirudi kwenye ile sanaa niliyoahidi. Inaitwa pakruok. Neno lenyewe linatokana na pako, kusifu, na huo mwisho wake unalirudisha kwa msemaji: kujisifu. Usifikirie majigambo ya Instagram. Pakruok ni shughuli ya mkutano. Kuna nyatiti inapigwa, ama orutu, ama ngoma za ohangla. Mtu anasimama, anampa mpigaji pesa, muziki unakatwa. Kimya. Halafu anajitangaza: yeye ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, mjukuu wa yule aliyefanya lile, rafiki wa fulani, mpenzi wa fulani, jina lake la sifa ni hili. Anapiga chumvi, kila mtu anajua anapiga chumvi, na ndio utamu wenyewe. Watu wanacheka pamoja naye, wanapiga vigelegele, wanamjibu. Kisha muziki unarudi na yeye anarudi kuketi akiwa amerefuka.

Linganisha na kioo. Kwanza, pakruok inaanza na kitu ambacho hakina ubishi. "Mimi ni nyar Suna", binti wa Suna. Yule shahidi wa ndani atapinga nini hapo? Hana la kusema. Ukishasimama juu ya jiwe hilo ndipo unajenga chumvi yako. Pili, inasemwa kwa lugha ambayo mdomo wako haujawahi kuchekwa kwayo. Tatu, na hili ndilo kubwa, inajibiwa. Hujiamini kwanza kisha ukaongea. Unaongea, unajibiwa, na kujiamini kunakuja nyuma kama mkia.

Dani yangu, yaani nyanya, aliyemzaa mama, alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Siku za mkutano ungemsikia kuanzia jikoni akijisemesha huku akifunga leso: "Nyar Suna, chung' malo. Watu wako wanakungoja." Binti wa Suna, simama. Hakuwahi kusema "mimi ninajiamini". Alijiita kwa jina, kama anavyoitwa na watu, na akajikumbusha kuna watu wanangoja. Halafu akatoka na kwenda.

Na sayansi, ile ile inayotajwa tajwa kwenye ukumbi wa hoteli, iko upande wa dani. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu watu walioambiwa watoe hotuba baada ya muda mfupi sana wa kujiandaa. Waliojisemesha kwa kutumia jina lao wenyewe, ama "wewe", walihangaika kidogo kuliko waliotumia "mimi", na waliongea vizuri zaidi. Mwaka huo huo Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba mtu mwenye woga akijiambia amechangamka, anafanya vizuri jukwaani kuliko anayejiambia ametulia. Maana moyo unaodunda hauwezi kudanganywa kuwa umetulia, lakini unaweza kuambiwa kwamba hizi ni ngoma. Ukweli ule ule: usijiambie kitu ambacho mwili wako utakikanusha. Anza na lililo kweli, jiite kwa jina, na acha ngoma zipige. Waliopima haya maabara hawakuwa wamesikia ohangla, lakini wakitembelea Migori watajisikia nyumbani.

Najua mtanijibu nini. Wa kwanza atasema: pakruok inanunuliwa. Asiye na pesa hanyamazishi muziki. Ni kweli, na huo ni udhaifu. Siku hizi mwanasiasa anaweza kununua muziki wa usiku kucha, na mwenye sauti anabaki kuwa mwenye noti. Wa pili atasema: mara nyingi wanaosimama ni wanaume. Mara nyingi, ndiyo. Mimi siwaambii mrudi kijijini mkaabudu kila kilichopo. Nawaambia mchukue muundo na muache bei. Kikundi cha watu watano kinachokubaliana kumsikiliza kila mmoja dakika tatu bila kumcheka matamshi ni pakruok ya bure, na mwanamke anaweza kuwa wa kwanza kusimama.

Wa tatu atasema: lakini mimi kioo kilinisaidia, manze. Safi. Nakuamini, na utafiti wa Wood unakuamini pia. Huenda ulikuwa umeshiba tayari. Ila usimcheke mwenye njaa kwa kushindwa kushiba maneno.

Na anayefikiri kwamba wasemaji hodari hutengenezwa peke yao chumbani, nimpe mtu wa kwetu. Tom Mboya, ambaye familia yake ni ya Rusinga, kisiwa cha Wasuba huko Homa Bay, na ndiko alikozikwa mwaka 1969. Alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge ambako baba yake alifanya kazi. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hakuna mtu aliyempa jukwaa kwa sababu ya maneno aliyojiambia. Alianza kuongea kwa sababu wafanyakazi wenzake walikuwa na malalamiko na walihitaji mtu wa kuyasema. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alienda kuingilia kati na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra. Hatua kwa hatua, nyuma yake kulikuwa na watu waliohitaji sentensi yake ifike mwisho. Hiyo inamnyoosha mtu mgongo kuliko kioo chochote.

Kama Mboya ni wa zamani sana kwako, kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa mnene na wa Kiingereza. Vijana wa kawaida, ambao mwaka mmoja nyuma wangekufa kwa aibu wakiambiwa waongee mbele ya watu kumi, walishika simu na kuueleza kwa Dholuo, kwa Gĩkũyũ, kwa Kikamba, kwa Kiswahili cha mtaani, ili nyanya zao waelewe bei ya mkate inatoka wapi. Wengine walisrab vibaya sana. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kilichosemwa kilikuwa kikubwa kuliko namna kilivyosemwa. Tarehe 26 Juni rais akatangaza hatatia saini. Wapo waliokwisha kufa kufikia siku hiyo, na siwezi kulisema hili kwa wepesi. Lakini asije mtu kuniambia kizazi hiki hakina sauti. Kilikuwa kinangoja kusikilizwa.

Basi nina maombi mawili tu, na hayahitaji ada.

La kwanza ni kwako unayeogopa. Usijidanganye kwamba huogopi. Tafuta watu wawili ama watatu wasiokucheka, waambie kitu kimoja cha kweli kwa sauti, kwa lugha yoyote inayokujia kwanza. Anza na jina lako na ulikotoka. Wakikujibu, ongeza chumvi. Wiki ijayo tafuta wa nne.

La pili ni kwako usiyeogopa, na hili ndilo lenye uzito. Wewe ndiye hadhira. Siku mtu atakaposimama mbele yako, kwenye darasa, kwenye kikao cha kazi, kwenye baraza, akasema "sida", una sekunde moja ya kuamua. Ukicheka, umemvisha diski. Ukimwuliza, "sida gani, mama, endelea", umemfanyia zaidi ya mafunzo yote ya hoteli za Nairobi. Na pengine utaambiwa kisima kiko wapi.